Maporomoko Tuliyoyapangia Saa

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mwanamke mmoja alipiga simu ofisini kutoka Dar es Salaam akauliza kwa adabu kabisa: "Samahani dada, hayo maporomoko yenu huwa mnayafungua saa ngapi?" Nilimjibu kwamba yako wazi siku zote, kisha nikafunika simu kwa kiganja ili asisikie kicheko changu. Tulicheka ofisi nzima, wiki nzima. Kila aliyechelewa kazini aliambiwa, "Kimbia, wanafunga maporomoko!"

Ninaanza na kicheko hicho, vijana mnaojiandaa kwa kazi ya kupokea wageni, kwa sababu miaka mingi baadaye ni mimi, kwa mikono yangu hii, niliyepiga chapa ratiba iliyoeleza kwamba maporomoko yetu hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Sasa nimestaafu, naishi Soweto, hapa Moshi mjini. Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa mpangaji wa safari za siku moja kwenda Kibosho. Hatukupandisha watu mlimani. Hiyo ilikuwa kazi ya wengine, wenye mapafu mapana. Sisi tuliwapeleka wale waliotaka kuuona mlima bila kuugombania: matembezi kando ya mto, maporomoko, kisha kahawa na mtori, supu yetu ya ndizi, nyumbani kwa wenyeji. Nilipoombwa niwaandikie, nadhani mlitarajia niwaeleze nilivyofanikiwa. Yapo ya kueleza, na baadhi nitayagusa. Lakini kinachonikaa moyoni ni kihamba kimoja, cha Mama Apolonia, na namna nilivyosaidia kukikausha.

Kwa wale ambao hamkuzaliwa huku: kihamba ni shamba la nyumbani. Migomba iko juu, kahawa iko chini ya kivuli chake, nyumba iko katikati, na pembeni wamelala wenye nyumba waliotangulia. Mtu hanunui kihamba kama anavyonunua kiwanja. Hukirithi, hukitunza, na mwisho hulazwa humo humo. Mama Apolonia aliolewa katika kihamba hicho akiwa msichana, akamzika mumewe humo, na akabaki nacho peke yake, na ng'ombe mmoja wa maziwa, watoto wakiwa shuleni.

Siku ya kwanza nilipompelekea wageni nilikuwa nimetoka chuoni, nimevaa viatu vya kisigino kifupi ambavyo tope la Kibosho lilivimeza kabla ya saa nne. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba," akanitazama miguuni, akasema, "Wewe ndiye utakayewaongoza hawa, au wao watakubeba?" Alinipa viatu vya plastiki vya marehemu mumewe. Nilivivaa siku nzima, na safari iliyofuata nikanunua vyangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa namna ya kumkaribisha mgeni. Mama Apolonia alinifundisha kwamba mgeni asiyepewa kazi huchoka upesi. Kwa hiyo kila mgeni wake alitwanga kahawa. Aliweka kinu uani, akawapa mchi, akasimama pembeni akiwatania kwa Kichagga nami nikitafsiri. Jibaba moja lenye kifua kama mlango wa ghala lilitwanga kwa woga, likilenga kinu kama linatia uzi kwenye sindano. Mama Apolonia akaniambia, "Muulize huyu baba, kwao ugomvi wanapigana kwa kalamu?" Nikatafsiri: "Mama anasema una mikono ya mtu msomi." Jibaba likafurahi, likamwinamia kwa heshima. Mama akainama naye, uso mkavu kabisa.

Yapo mengine aliyonifundisha ambayo hamtayakuta katika daftari. Msimwahidi mgeni mlima baada ya saa nne asubuhi, kwa maana wingu likishaketi haliondoki kwa kubembelezwa. Hesabuni mwendo kwa miguu ya aliye mzito kuliko wote, siyo kwa miguu yenu. Na kitabu cha wageni kitoleni baada ya kahawa, mtu akiwa bado ameshika kikombe, kwa sababu hapo huandika anachokiona moyoni. Mkishakipokea, msisome sifa, maana sifa ni adabu tu. Someni kile ambacho zamani watu walikitaja na sasa hawakitaji.

Katika kitabu chetu cha kwanza karibu kila ukurasa ulizungumzia sauti. "Tuliyasikia kabla hatujayaona." "Mtoto wangu aliziba masikio." Maporomoko yale yalinguruma kiasi kwamba hata ukiwa kwenye kinu cha Mama Apolonia, ng'ambo ya korongo, ulilazimika kuinua sauti.

Kisha barabara ikaja. Ninyi mmezaliwa mkaikuta lami, hamwezi kujua tulivyoisubiri. Zamani safari ya kupanda Kibosho wakati wa masika ilikuwa ya kusukuma gari, na wageni walifika wakiwa na tope hadi kwenye nyusi. Lami ilipofika, safari iliyokula asubuhi nzima ikawa fupi kuliko kuchemsha chai. Umeme ukafuata, mtandao wa simu ukafuata. Nchi ilikuwa inapata nafuu, na nafuu hiyo niliiona mlangoni pangu: kwa mara ya kwanza wageni wetu wengi hawakutoka ng'ambo, walitoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Walikuwa walimu, wauguzi, wafanyabiashara, vikundi vya kina mama waliochangishana mwaka mzima. Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani, walirudi na wakwe zao, marafiki, hata wakubwa wao wa kazini. Sitasahau mzee mmoja wa Tanga aliyesimama mbele ya maporomoko akasema, "Kumbe na sisi tunaweza kuja kutazama tu, bila msiba wala harusi." Nililia kidogo. Niliona kazi yangu ina maana.

Mwalimu wetu chuoni aliwahi kuchora ubaoni mstari unaopanda. Alieleza kwamba uchumi ukikua, njia zikifunguka, watu wakibaki na kitu mfukoni, hamu ya kusafiri hupanda pamoja navyo. Niliunakili mstari ule kwa rula na wino mwekundu. Hakukosea, niliushuhudia ukipanda kwa macho yangu. Ila ubao wake ulikuwa mdogo, ukaishia mahali ambapo mstari ulikuwa bado unapanda.

Walipoongezeka wageni, zikaongezeka nyumba za kuwalaza. Zilijengwa juu ya maporomoko, palipo na baridi na mandhari. Mbao zake zilitoka kwenye miti iliyokuwa ukingoni mwa mto, kwa kuwa ilikuwa karibu na haikuhitaji gari. Kila nyumba ilivuta bomba lake kutoka mtoni, kila nyumba ikawa na matangi, na moja ikachimba bwawa la kuogelea ambalo, kwa baridi ya huku, sikuwahi kumwona mtu ndani yake isipokuwa bata. Nami niliyaandika yote hayo katika matangazo yetu, kwa fahari: vitanda vipya, maji ya moto, bwawa. Hakuna aliyenilazimisha.

Kitabu cha wageni ndicho kilichoanza kusema. Neno la sauti lilipotea. Watu wakaandika, "Pazuri, tumepiga picha." Baadaye mmoja akaandika maneno matatu: "Ndiyo haya tu?" Mwajiri wangu, Bwana Laurenti, mtu mpole aliyezipenda safari zile kama alivyozipenda suti zake, alikifunga kitabu akanitazama.

"Dada, mfongo unachukua maji mengi?"

Mfongo ni mfereji wetu wa asili. Wazee waliuchimba kwa mikono, unachukua maji mtoni kwenye banio, mdomo wake wa kuingizia maji, na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, kila kihamba kwa zamu yake. Banio la mfongo ule lilikuwa hatua chache juu ya maporomoko. Nilimjibu kwamba wakati wa kiangazi huchukua karibu nusu ya mto.

"Basi tuwaombe wafunge banio saa za wageni tu," akasema. "Maji yote yapite kwenye maporomoko. Wageni wakiondoka, wafungue. Wewe wanakuamini. Nenda ukazungumze nao."

Nilikwenda. Wenye mfongo walikutana Jumapili baada ya misa, kwenye nyasi kando ya banio. Mwenyekiti wao alikuwa Meku Sirili. Meku kwetu ni mzee wa kuheshimiwa, naye alistahili, kwa kuwa alizijua zamu za maji za vihamba vyote bila kuziandika popote. Nilieleza vizuri, kwa Kichagga changu cha mjini. Nilisema vijana wao wanaoongoza wageni watakosa kazi. Nilisema nani atanunua ndizi, nani atakunywa kahawa. Nilisema ni saa sita tu kwa siku.

Meku Sirili alinisikiliza hadi mwisho. "Binti, maji yana zamu. Hata padre akija hapa na kiu, atangoja zamu yake."

"Maji ya kunywa hayana zamu, Meku!" mtu mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza. Zamu yako ilikuwa ya kufyeka mfongo wiki iliyopita, tukakuona kwenye pombe ya mbege."

Watu wakacheka, nami nikaona nafasi yangu inaponyoka. Ndipo Mama Apolonia aliposimama, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani.

"Mwacheni huyu mtoto," akasema. "Wageni wake wamenisomeshea watoto. Hawezi kuniletea njaa."

Meku Sirili akamgeukia taratibu. "Apolonia, wewe ndiye wa mkiani."

"Najua nilipo."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, vijana, na ningependa mlitazame kwa makini kwa sababu halikufanana na kosa. Nilisikia neno lile, "wa mkiani," na sikuuliza maana yake. Niliijua zamu ya kila kundi la wageni, nilijua nani hali nyama na nani anaogopa ng'ombe. Nilikwenda nyumbani kwa Mama Apolonia mamia ya siku. Lakini sikuwahi kuuliza mfongo unaishia wapi. Mkutano ukakubali kwa sababu ya Mama Apolonia. Jumatatu nikapiga chapa ratiba.

Msimu ule ulifana. Saa tatu kijana mmoja alifunga banio kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, na ndani ya dakika chache maporomoko yalijaa, yakarudi kuwa kama ya zamani, au karibu. Wageni walishangilia. Kitabu kikaandikwa tena maneno marefu. Bwana Laurenti alinipandisha cheo.

Kile ambacho sikukijua, wenyeji wote walikijua. Maji ya mfongo hutembea polepole, na udongo uliokauka tangu asubuhi hunywa kwanza kabla ya kuyapitisha. Zamu ya mkiani ilikuwa saa sita mchana, saa ambayo sasa banio lilikuwa limefungwa. Lilipofunguliwa saa tisa, wa juu walinywesha kwanza, kama ilivyo haki yao. Giza likiingia, nyumba za wageni zilijaza matangi yao, mto ukabaki mwembamba. Kihamba cha mwisho kabisa, cha Mama Apolonia, hakikufikiwa.

Mwaka wa pili, siku moja, tulikaa kwenye uwanja wake na kundi la watu kumi na wawili. Walitwanga, walicheka, Mama alikaanga, akachemsha. Nikanywa funda la kwanza. Kahawa ya Mama Apolonia niliijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu kwenye simu. Hii haikuwa yake. Nilingoja wageni wasogee kupiga picha.

"Mama, kahawa hii umeitoa wapi?"

"Sokoni Moshi. Kwani huko siku hizi hakuna kahawa?"

"Na yako?"

"Yangu ilitoa maua, yakakauka, yakaanguka. Hukuyaona? Ulipita chini yake na watu wako wote."

Nilitazama juu. Majani ya migomba yalikuwa yamechanika na kuning'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Nilikuwa nimepita hapo kila wiki, nikitembea kinyumenyume, uso kwa wageni, kama tulivyofundishwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alisuuza kikombe, akakifuta, akakipanga. "Nilisimama mbele ya watu nikasema huwezi kuniletea njaa. Baada ya hapo ningesema nini?"

Siku ile ile mgeni mmoja, mkulima huko kwao, aliandika katika kitabu: "Kahawa ni nzuri. Lakini kwa nini bustani ya mama huyu inakufa kwa kiu, na maji mengi namna ile yanaanguka bure ng'ambo?" Niliyasoma ndani ya gari. Nilipofika mjini nilikifungia kitabu kile kwenye droo na kuanzisha kipya. Kwa Bwana Laurenti nilikwenda, ndiyo. Akaniambia tusubiri msimu uishe, watu wameshalipia. Nikasubiri. Ningeweza kupanda hadi kwa Meku Sirili nikamwomba afungue banio, na angelifungua siku hiyo hiyo. Sikupanda. Nilikuwa na cheo kipya, na ratiba ilikuwa na jina langu chini yake.

Hatimaye banio lilifunguka lenyewe, yaani haikuwa na maana tena kulifunga. Juu yetu ziliongezwa nyumba, yakaongezwa mabomba, ukingo uliokuwa na miti ukaporomoka na kuutia mto udongo. Hata mto mzima ulipopita kwenye maporomoko, ulipita kama maji ya birika. Wageni wakaja na picha za zamani kwenye simu zao, wakainua simu, wakatazama mwamba, wakatazama simu tena. "Dada, ni hapa penyewe, au kuna pengine?" Wageni watazamaji hawagombani, hawarudi tu. Lami iliyowaleta ikawapitisha kwenda kwingine, na zile nyumba zenye maji ya moto zikabaki na walinzi. Ofisi ikaifuta safari ya Kibosho. Vijana walioongoza wageni wakashuka mjini kuendesha bodaboda. Na wenye mfongo, baada ya kuzoea maji yasiyofika, waliacha kwenda kuufyeka. Mfongo usiofyekwa hufa upesi. Ule ulipasuka mahali pengi, na Meku Sirili alifariki kabla hajapata wa kumrithisha zamu zake.

Mama Apolonia aliing'oa kahawa yake, shina kwa shina. Ng'ombe aliuzwa, kwa kuwa hapakuwa na majani ya migomba ya kumlisha. Watoto wake, wale waliosomeshwa na wageni, wanamwomba akiuze kihamba awafuate Dar es Salaam. Huwajibu kwamba baba yao hawezi kupanda basi.

Nilipostaafu niliwekewa keki na hotuba. Wiki iliyofuata nilikata kitawi cha isale kando ya ukuta wangu. Isale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini, na anayeomba msamaha hulifunga fundo jani lake na kulipeleka kwa aliyemkosea. Anayeletewa isale hawezi kukataa; hiyo ni desturi kubwa kuliko hasira ya mtu yeyote. Ndiyo sababu nilichelewa miaka yote hiyo. Niliona aibu kumwomba mtu kitu ambacho hana ruhusa ya kuninyima.

Nilimkuta uani, amezeeka, kinu kimefunikwa kwa gunia. Nilipiga magoti, nikamkabidhi isale kwa mikono miwili. Alilishika lile fundo kwa vidole muda mrefu.

"Unafunga fundo vibaya," akasema. "Mjini hawawafundishi?"

Akanyanyuka, akachemsha kahawa ya dukani, tukanywa. Kisha akaniambia, "Njoo." Tulizunguka nyuma ya nyumba, hatua chache tu kutoka pale nilipowakalisha wageni wangu kwa miaka ile yote. Palikuwa na mfereji mwembamba uliopangwa mawe vizuri sana, mikono ya mumewe iliyapanga, ukaja ukakoma karibu na kaburi lake. Ndani yake yalikuwemo majani makavu na mfuko wa plastiki.

"Unaishia hapa," akasema.

Alichimba kwa kijiti mwishoni mwa mfereji, akakisimamisha kitawi cha isale, akashindilia udongo kwa kiganja. Nikamuuliza kama kitashika. Akasema isale ni gumu, hushika, ila lazima lionje maji angalau mara moja. Akaingia ndani akatoka na bakuli, akalimwagia taratibu asipoteze tone. Yalikuwa maji ya kuoshea vikombe viwili, changu na chake.